Sifuri hazifanani: mwongozo kamili wa kusoma tathmini ya injini kwenye miisho ya sare

Weka kwenye ubao wa sataranji mfalme mweupe e5, askari mweupe e4 na mfalme mweusi e7, zamu iwe ya Weupe. Washa Stockfish, injini (yaani programu ya kompyuta) inayochambua sataranji, na baada ya muda mfupi itaandika 0.00. Sasa weka mwisho wa ngome dhidi ya ngome wenye askari kumi, hali ambayo pande zote zimetoshana nguvu. Huo nao utaandikwa 0.00. Anayejifunza huziona namba hizo kuwa kitu kimoja, huandika "sare" kwenye daftari na kusonga mbele. Lakini ya kwanza ni ukweli uliothibitika, hakuna bingwa wala mashine itakayoubadilisha. Ya pili ni makadirio ya programu inayofikiri kwamba yenyewe isingeshindwa hapo. Wewe unaweza kushindwa, na huenda hata yenyewe ikabadili kauli ukiipa dakika tano zaidi.

Kwa hiyo kila ukiona sifuri, au namba ndogo isiyotaka kukua, swali la kuuliza ni hili: imetoka wapi? Huu ni utaratibu wa kulijibu, kwa mpangilio ninaoufuata kila ninapochambua mwisho wa mchezo.

Vifaa

Simu inatosha. Stockfish ni bure, na kwenye Android programu ya DroidFish inaiendesha bila kuhitaji intaneti. Kwenye kompyuta tumia programu yoyote inayopokea injini. Utahitaji pia ukurasa wa majedwali ya mwisho wa mchezo (orodha za majibu ya uhakika kwa hali zenye kete chache) kwenye Lichess, tovuti ya sataranji, nao ni bure na hauli bando kubwa kwa sababu unatuma hali moja ya ubao na kupokea jibu fupi.

Hali za ubao nitaziandika kwa FEN, yaani mstari mmoja wa maandishi unaotaja kete zote, zamu ya nani, na hesabu za hatua. Unaunakili na kuubandika kwenye programu. Hali niliyoanza nayo ni hii:

8/4k3/8/4K3/4P3/8/8/8 w - - 0 1

1. Jua namba inapima nini

Wengi bado wanasoma +1.00 kama "Weupe wamezidi askari mmoja". Hivyo ndivyo ilivyokuwa zamani. Tangu Stockfish 15.1, iliyotoka Desemba 2022, kipimo kimefungwa kwenye uwezekano wa kushinda: +1.00 maana yake injini ikicheza na nafsi yake kuanzia hapo, upande wenye faida una nafasi ya asilimia 50 ya kushinda. Sehemu kubwa mno ya nusu iliyobaki ni sare. Ukilielewa hilo, utaacha kushangaa injini inapoonyesha +0.50 halafu kila njia inaishia mikono mitupu. Kwa injini, +0.50 mwishoni mwa mchezo ni hali inayoelekea sare kwa nguvu.

Afadhali uone mgawanyo wenyewe. Kwenye mipangilio ya injini washa UCI_ShowWDL. Utapata namba tatu zinazojumlika kuwa 1000: ushindi, sare, kushindwa. Hali mbili zinaweza kuandikwa 0.00 zote, moja ikiwa na 0 1000 0 na nyingine ikiwa na sehemu za ushindi na za kushindwa zinazolingana kwa pande zote mbili. Ya kwanza imelala. Ya pili bado ina vita ndani yake.

Injini ina sehemu mbili zinazofanya kazi pamoja. Kuna upekuzi, unaofungua mti wa hatua na majibu yake, na kuna mthamini, anayetazama ubao mwishoni mwa kila tawi na kutoa namba bila kusogeza kete. Hadi Stockfish 11 mthamini huyo aliandikwa kwa mkono. Ndani yake kulikuwa na maarifa maalumu ya sare: namba ya faida ilizidishwa kwa sehemu za 64, ambapo 64 ni hali ya kawaida na 0 ni sare tupu. Maaskofu wa rangi tofauti, kwa mfano, walipewa sehemu chache. Kulikuwa hata na jedwali dogo la mfalme na askari dhidi ya mfalme peke yake: zamu 2, mara nafasi 24 za askari (nusu ya ubao inatosha, maana nusu ya pili ni kioo chake), mara nafasi 64 za kila mfalme. Jumla ni hali 196,608, jibu moja la ndiyo au hapana kwa kila hali, na zote zikaingia kwenye kilobaiti 24.

Mwaka 2020 Stockfish 12 ilileta mtandao wa neva wa aina ya NNUE, wazo la Yu Nasu wa Japani aliyelibuni mwaka 2018 kwa ajili ya shogi, sataranji ya Kijapani. Mwaka 2023 maarifa yale ya mkono yaliondolewa kabisa. Nguvu ya injini ilipanda, na hilo halina ubishi, lakini kwa mchambuzi kuna jambo la kukumbuka: mthamini wa leo anajua sare kwa sababu amezoea kuona hali zinazofanana nayo. Ukimletea hali ya ajabu ambayo michezo ya kawaida haizai, hana kanuni iliyoandikwa ya kushikilia.

2. Angalia kama sheria imeshaamua

Sifuri nyingine hazihitaji akili yoyote. Mwenye zamu hana hatua halali na mfalme wake hayuko kwenye cheki: amekwama, sare. Mfalme na farasi dhidi ya mfalme: hakuna namna ya kumfunga. Injini inaandika sifuri na kufunga tawi hilo.

Kurudiarudia hali ndiko kunakoleta mkanganyiko. Sheria inataka hali ijirudie mara tatu, lakini injini ndani ya upekuzi wake huhesabu sare mara hali inapojirudia kwa mara ya kwanza. Mantiki yake ni nzuri: kama uliweza kurudi hapa mara moja na hukupata kilicho bora, utarudi tena. Hapo ndipo sifuri nyingi za katikati ya mchezo zinapotoka. Stockfish haiandiki hata sifuri kamili kwenye matawi ya aina hiyo. Inaipandisha au kuishusha kwa kiasi kidogo mno, ili upekuzi usigande kwenye marudio hayo na kusahau njia nyingine.

Kwa hiyo usibandike FEN peke yake kama unachambua mchezo uliochezwa. FEN haibebi kumbukumbu ya hali zilizopita. Bandika mchezo wote tangu hatua ya kwanza, injini ijue ni hali zipi zimeshatokea.

Kisha kanuni ya hatua 50. Zikipita hatua 50 za kila upande bila kete kuliwa wala askari kusogea, mchezaji anaweza kudai sare. Zikifika 75, mwamuzi anaitangaza mwenyewe, kwa sheria za FIDE, shirikisho la dunia la sataranji, tangu Julai 2014. Injini inatumia 50. Hesabu hiyo imo kwenye FEN, ni namba ya pili kutoka mwisho, nayo huhesabiwa kwa nusu hatua, yaani hatua ya upande mmoja, hivyo 100 ndiyo mwisho. Watu wana tabia ya kuifuta na kuandika 0. Usifanye hivyo. Mwisho wa mchezo wenye hesabu ya 70 ni mchezo tofauti kabisa na ule wenye 0, hata kama kete zimekaa palepale.

Stockfish pia huipunguza tathmini ya mthamini kidogo kidogo kadiri hesabu hiyo inavyopanda. Ukiona faida inayeyuka kutoka +2.4 hadi +1.9 hadi +1.5 huku hakuna kilichobadilika ubaoni, usiwaze kwamba Weupe wanacheza vibaya. Injini inakuambia kwa namna yake kwamba haioni pa kupenya.

3. Hesabu kete: saba au pungufu?

Hesabu kila kete ubaoni, wafalme wakiwemo. Zikiwa saba au chini yake, funga injini na nenda kwenye majedwali. Hakuna sababu ya kusikiliza makadirio mahali ambapo jibu la uhakika lipo.

Yanavyotengenezwa ni jambo zuri kulielewa. Programu inaorodhesha kila hali inayowezekana kwa kete fulani, tuseme mfalme, ngome na askari dhidi ya mfalme na ngome. Inatafuta hali zote ambazo mfalme ameshafungwa. Kisha inarudi nyuma: ni hali zipi zinazoweza kufika hapo kwa hatua moja? Hizo ni ushindi. Na ni hali zipi ambazo kila hatua ya mwenye zamu inampeleka kwenye ushindi wa mwenzake? Hizo ni kushindwa. Inaendelea kurudi nyuma hivyo hivyo hadi raundi moja ipite bila hali mpya kuongezeka. Hali zote zilizobaki bila alama ni sare.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Kwenye majedwali hakuna anayeithibitisha sare moja kwa moja. Sare ni kile kinachobaki baada ya kila ushindi uliopo kutafutwa na kupatikana. Ndiyo maana sifuri ya jedwali ina uzito ambao sifuri ya upekuzi haiwezi kuwa nao: upekuzi unasema "sijaona ushindi hadi kina hiki", yaani idadi hii ya nusu hatua mbele, jedwali linasema "ushindi haupo".

Njia hiyo ilishawahi kufuta sare ambayo vitabu viliifundisha kwa zaidi ya karne. Mwaka 1851 Kling na Horwitz, waandishi wa sataranji, walichapisha hali ya kujilinda kwa farasi dhidi ya maaskofu wawili, ikakubalika kuwa sare. Mwaka 1983 Ken Thompson, aliyeunda mashine ya Belle, alikamilisha jedwali lake na kuonyesha kwamba maaskofu wawili hushinda, ingawa huenda zikahitajika hatua 66. FIDE ililazimika kuongeza idadi ya hatua kwa miisho fulani, kisha mwaka 1992 ikarudisha 50 kwa yote.

Majedwali yanayotumika sana leo ni ya Syzygy, kazi ya Ronald de Man ya mwaka 2013. Seti ya kete saba ilikamilishwa na Bojun Guo mwaka 2018. Seti ya kete tatu hadi tano ni kama GB 1, pakua uiweke kwenye simu au kompyuta. Ya kete sita ni karibu GB 150. Ya kete saba inazidi TB 16, hiyo waachie Lichess. Ukishapakua, ielekeze injini kwenye folda kwa mpangilio wa SyzygyPath. Utajua inayatumia ukiona hesabu ya tbhits ikipanda kwenye matokeo yake. Ikibaki 0, folda uliyoitaja haikusomwa.

Majibu ya Syzygy ni matano, na hapa wengi hujikwaa. Kuna ushindi, sare na kushindwa. Katikati yake kuna ushindi ambao kanuni ya hatua 50 inauzuia, na upande wa pili, kushindwa kunakookolewa na kanuni hiyohiyo. Kwa mchezo wa mashindano, hivi viwili ni sare. Lichess inavionyesha kwa maneno yake vyenyewe, visome kwa makini. Mfano mzuri ni farasi wawili dhidi ya askari. Farasi wawili hawawezi kumlazimisha mfalme peke yake afungwe, kwa sababu anakwama kabla hajafungwa. Mpinzani akiwa na askari, ana kitu cha kusogeza, hakwami tena, na ushindi unawezekana. Lakini mara nyingi ni mrefu mno, na sheria inaukata njiani. Mwisho mrefu kuliko wote wa kete saba unaojulikana unahitaji hatua 549 kumfunga mfalme; ni ushindi wa kwenye karatasi tu.

Jibu la jedwali linachukulia hesabu ya hatua 50 imeanza upya. Kama kwenye mchezo wako hesabu imefika nusu hatua 60, tazama namba ya DTZ, yaani umbali hadi kete iliwe au askari asogee. Jumlisha na 60. Ikizidi 100, huo "ushindi" ni sare.

4. Hali nne za kuzijaribu kwa mkono

Hizi zote zina kete tano au chini. Iendeshe kila moja mara mbili, bila majedwali kisha nayo, uone injini inavyobadili lugha.

Anza na ile ya juu ya mfalme na askari. Weupe wakiwa na zamu ni sare. Badilisha w iwe b, zamu iwe ya Weusi, na ni ushindi wa Weupe. Hakuna kete iliyosogea. Fuata njia hii kwa kidole: mfalme mweupe d5, mweusi d7, askari e5, mfalme mweusi e7, askari e6, na hapa mweusi arudi nyuma moja kwa moja e8. Mfalme mweupe d6, mweusi d8. Askari e7 kwa cheki, mweusi e8. Mfalme mweupe e6, na mweusi amekwama. Sasa rudia, ila pale kwenye e8 mpeleke mweusi d8. Mfalme mweupe d6, mweusi e8, askari e7, mweusi f7, mfalme mweupe d7, na askari anageuka malkia. Sifuri ile ilining'inia kwenye mraba mmoja. Miisho ya aina hii, ambapo mwenye zamu analazimika kusogea huku angetamani kukaa, ni hatari kwa mbinu moja ya upekuzi: injini huruka zamu yake kwa kujaribu, ikiona bado iko vizuri inakata tawi. Waandishi wa injini huizima mbinu hiyo pale mwenye zamu anapobaki na mfalme na askari tu.

Ya pili ni askofu asiye wa rangi inayotakiwa:

7k/8/8/6K1/7P/3B4/8/8 w - - 0 1

Weupe wamezidi askofu na askari, na ni sare. Mraba wa h8 ni mweusi, askofu anatembea kwenye mieupe, hivyo hawezi kumtoa mfalme kwenye pembe. Jaribu kumbana: mfalme g6, mweusi g8, askofu c4 kwa cheki, mweusi h8, na ukisogeza chochote bila kumfungulia nafasi amekwama. Mthamini anayehesabu kete tu angetoa namba kubwa hapa. Hamisha askofu kutoka d3 hadi e3, mraba mweusi, na jedwali linageuka kuwa ushindi.

Maaskofu wa rangi tofauti:

8/4k3/8/3KP3/8/3B4/8/2b5 w - - 0 1

Mfalme mweusi amekaa e7, mraba mweusi, mbele ya askari. Askofu mweupe hatamgusa milele. Hapa ni rahisi. Uzito wa jambo hili unaonekana kwenye michezo mikubwa zaidi, ambapo hata askari wawili wa ziada huenda wasitoshe, na injini inaweza kukaa kwenye faida inayoonekana ya maana kwa muda mrefu kabla haijakubali.

Na ya nne, ambayo kila mchezaji wa sataranji anapaswa kuijua akiwa usingizini, ni ulinzi wa Philidor:

4k3/R7/7r/3KP3/8/8/8/8 w - - 0 1

Ngome nyeusi inashika mstari wa 6 ili mfalme mweupe asipande. Askari akisogea e6, ngome inashuka hadi h1 na kuanza kutoa cheki kutoka nyuma, maana mfalme mweupe amepoteza kivuli cha askari wake. Kwenye Lichess sogeza askari e6, kisha tazama orodha ya hatua za Weusi: zipo za kijivu za sare, na zipo zinazopoteza. Kaa hapo. Jedwali linakupa orodha hiyo kwa hali yoyote ile, na sioni mwalimu mwingine wa miisho ya ngome anayeweza kukujibu maswali mengi hivyo bila kuchoka.

5. Kete nane na kuendelea: kutambua boma

Hapa ndipo penye kazi ya kweli. Boma ni mpangilio wa kujilinda ambao mwenye nguvu hawezi kuuvunja hata akiwa na kete nyingi kiasi gani. Binadamu huliona kwa kufikiri: mfalme wangu anakanyaga miraba hii tu, hakuna anayeweza kuifikia, basi. Injini haifikiri hivyo. Inafungua hatua, na mwisho wa kila tawi mthamini anaona malkia wa ziada.

Mwezi Machi 2017 taasisi ya Roger Penrose, mwanahisabati wa Uingereza, ilitoa hali hii kwa makusudi ya kuonyesha pengo hilo:

8/p7/kpP5/qrp1b3/rpP2b2/pP4b1/P3K3/8 w - - 0 1

Weusi wana malkia, ngome mbili na maaskofu watatu. Weupe wana mfalme na askari wanne. Lakini tazama kona ya kushoto: malkia, ngome zote mbili na mfalme mweusi hawana hata mraba mmoja wa kwenda, mradi Weupe wasile ngome yoyote kwa tamaa. Kinachotembea ni maaskofu tu, na wote watatu wako kwenye miraba myeusi. Mfalme mweupe akitembea kwenye miraba myeupe, hatapata cheki maisha yake yote. Injini za wakati ule zilitoa ushindi mkubwa kwa Weusi. Ili upekuzi uione sare kwa nguvu tu, lazima ufike nusu hatua 100 kwenye kila tawi, na maaskofu watatu wanazaa matawi mengi mno.

Ukishuku kuna boma kwenye mchezo wako, fanya hivi.

Kwanza acha injini ifikiri na andika tathmini kwenye vina tofauti, tuseme 20, 30 na 40. Faida ya kweli kwa kawaida hupanda kadiri kina kinavyoongezeka, kwa sababu upekuzi unakaribia kula kitu au kugeuza askari. Ikiwa +2.3 kwenye 20, +2.3 kwenye 30 na +2.2 kwenye 40, kuna ukuta mahali.

Kisha soma njia yenyewe. Kama hatua kumi na tano zijazo ni ngome kwenda na kurudi, mfalme kushoto na kulia, bila askari kusogea, injini haina mpango.

Halafu icheze. Iache injini icheze na nafsi yake kutoka hapo kwa sekunde kumi kila hatua, na uangalie hesabu ya hatua 50. Inayotaka kushinda itasogeza askari wakati mwingine kwa ajili tu ya kuianzisha upya hesabu, na ni muhimu kutazama askari hao wanapokwisha. Askari wa mwisho akishasogea na ukuta bado umesimama, umepata jibu lako.

La mwisho, mimi hulipenda zaidi: ishi kwenye kiti cha mshambuliaji. Andika kwa maneno yako mwenyewe njia zote za kuvunja boma: kutoa ngome kwa askofu, kumwacha askari ili kufungua safu, kumpeleka mfalme upande wa pili. Sogeza kila moja kwa mkono na uiulize injini. Upekuzi hukata matawi yanayoanza kwa kutoa kete bila faida ya haraka. Ukiisukuma injini hadi ndani ya tawi hilo, huenda ikaona ilichokuwa imekipuuza.

Majaribio hayo yanafanya kazi pande zote mbili. Kwenye mchezo wa 6 wa ubingwa wa dunia, London, Novemba 2018, Magnus Carlsen alitoa farasi na kujenga kile ambacho karibu kila aliyekuwa ukumbini alikiona kuwa boma. Mchezo uliisha sare kwenye hatua ya 80. Kompyuta kubwa ya Sesse, iliyokuwa ikiendesha Stockfish, ilikuwa imeshaonyesha kwamba mpinzani wake, Fabiano Caruana, alikuwa na ushindi wa kulazimisha kwenye hatua ya 68, kwa kupeleka askofu h4 na baadaye farasi hadi g1, mahali ambapo farasi anaonekana kunaswa. Macho ya mabingwa yalisema boma lipo. Halikuwepo.

Jambo moja la kiufundi hapa: injini ina kumbukumbu ya hali ilizoshatathmini, na sifuri iliyotokana na marudio kwenye tawi moja inaweza kutumika kimakosa kwenye tawi jingine ambalo halina marudio hayo. Ukipata sifuri ya ghafla isiyoeleweka, futa kumbukumbu hiyo kwa Clear Hash, anza upya kutoka hatua moja mbele, na ulinganishe.

6. Pima ugumu wa sare

Umeshajua ni sare, na umejua imetoka wapi. Kama unajiandaa kwa mashindano, kazi haijaisha, kwa sababu lazima uicheze mbele ya saa.

Weka injini ionyeshe njia tano bora kwa wakati mmoja kwa mpangilio wa MultiPV, au tumia orodha ya jedwali. Hesabu hatua za sare alizonazo mlinzi. Zikiwa nane kati ya kumi, anaweza kucheza akisinzia. Ikiwa moja kati ya kumi, na hatua inayofuata pia moja kati ya kumi, hiyo ni sare ya mashine. Ngome na askofu dhidi ya ngome ndiyo mfano wa kawaida: jedwali linaandika sare kwenye hali nyingi za kawaida, lakini hata wakuu wa mchezo huipoteza mara kwa mara, kwa kuwa mlinzi anatakiwa kuzipata hatua pekee moja baada ya nyingine kwa hatua 50 akiwa amechoka. Mwenye askofu ana kila sababu ya kuendelea. Mwenye ngome peke yake akijifunza mapema ulinzi wa Cochrane, ambao ngome yake humbana askofu mbele ya mfalme wake kutoka upande wa mbali, atakuwa na kitu cha kushika.

Kwa mshambuliaji, hesabu hiyo ndiyo mwongozo wa kuchagua njia. Jedwali likikupa hatua sita, zote sare, usichague yoyote tu. Ingia kwenye kila moja, hesabu majibu sahihi aliyonayo mpinzani, na cheza ile inayomwachia machache zaidi. Injini haitakufanyia hili, kwa sababu kwake zote ni 0.00 na itachagua mojawapo bila kujali jasho la mtu aliyekaa mbele yako.